UZI: "Wewe ni nani wake?" Kwa sahibu yangu, aliyefariki akiwa na miaka 83

Tuktuk wa Kizingo:

Swali hilo niliulizwa mara nne siku ya mazishi, na mara tatu za kwanza jibu langu halikumtosha aliyeuliza. Wa kwanza alikuwa kijana aliyekuwa akipanga viti vya plastiki nje ya nyumba, huko Kibokoni. Wa pili, mwanamume mmoja nje ya msikiti, aliponiona nimesimama na viatu vyangu miguuni wenzangu wote wameshaingia. Mimi ni Mkristo, Mtaita wa Wundanyi. Wa tatu aliniuliza makaburini Kikowani, nikiwa na udongo mikononi. Wa nne alikuwa mpwa wa marehemu, aliyesafiri tangu asubuhi kutoka Lamu. Kabla sijafungua kinywa, mtu akamjibu kwa niaba yangu: "Huyu ni wa tuktuk. Ndiye aliyekuwa akimbeba mzee."

Si uongo. Nilimbeba miaka kumi. Wala hakuna aliyekusudia kunivunjia heshima, walinipa chai na walinipa mkono. Lakini nimerudi nyumbani na kitu kimenikaa kifuani. Kwenye mkeka wa msiba kuna mahali pa mtoto, pa mjukuu, pa mkwe, pa jirani. Rafiki anashukuriwa kwa kuja, kisha anaenda zake. Na rafiki mwenyewe akiwa amezidiwa na marehemu miaka arobaini na sita, watu hawaamini hata hilo neno.

Kwa hiyo naandika hapa. Jina lake sitaliweka, sijaomba ruhusa ya familia. Mimi nilimwita Ami. Yeye aliniita sahibu, yaani rafiki. Nitaandika kwa vipande, tuktuk iko gereji leo na kesho.

Binti wa Kuze:

Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun. Pole sana kaka. Endelea, tupo.

Tuktuk wa Kizingo:

Asante dada.

Ilikuwa 2014, baada ya alasiri. Nimeegesha karibu na Ngome (Fort Jesus), nangoja watalii ambao hawakuja. Akatokea mzee mrefu, mkavu, kikoi na shati jeupe, kofia ya vito, fimbo mkononi. Hakuuliza bei. Akasema, "Nipeleke Mama Ngina, penye mibuyu. Ukifika usizime."

Wasiokaa Mombasa niwaeleze kidogo. Mama Ngina ni ile barabara ya ufukweni upande wa Kizingo, ambako meli zote zinazoingia bandari ya Kilindini hupita karibu sana, mpaka unaona mtu aliyeegemea ukingo wa sitaha akivuta sigara. Jioni watu huenda pale kupunga upepo, kula mihogo ya pilipili na ndimu, kunywa madafu. Nilidhani mzee anataka upepo.

Tulipofika hakushuka. Akakaa kiti cha nyuma, uso kaelekeza baharini. Akaniuliza, "Kuna meli?"

"Iko moja."

"Ya namna gani?"

"Kubwa."

Akagonga sakafu ya tuktuk kwa fimbo. Mara tano, haraka haraka. Nikadhani amekasirika, nikageuka. Alikuwa anateka. (Ndivyo alivyosema yeye: kuteka ni kucheka, mato ni macho, mtele ni mchele, ndaa ni njaa. Kimvita, Kiswahili cha kwao Mombasa. Mimi na Kiswahili changu cha shule nilikuwa nikimsikia kama mtu anayekosea, mpaka siku aliponiuliza, "Hiyo Ndia Kuu wapita kila siku, wadhani ni ndia ya nini?" Nilipita barabara ile miaka mitatu bila kujua kwamba ni njia kuu.)

Zile gonga tano nilikuja kuelewa baadaye. Meli ikipiga honi fupi moja, inasema nageuka kulia. Mbili, kushoto. Tatu, nasukuma nyuma. Tano au zaidi, inamwambia mwenzake: sielewi unakusudia nini. Ni kanuni ya bahari zote. Kila nilipoeleza jambo ovyo, Ami alinigongea tano.

"Kubwa ya nani?" akasema. "Una mato mazima, niambie waona nini."

Hapo ndipo nilipotambua kwamba haoni. Ilikuwa presha ya macho. Wakati ule bado alikuwa akipata kivuli na mwanga. Kufikia 2017 hata hivyo vikaisha.

Mzee wa Changamwe:

Presha ya macho ni mwizi, huja kimya bila maumivu. Marehemu baba yangu ilimpata. Mtoto wa jicho unapasuliwa, lakini ile ikishakula haijarudishwa. Kijana, Mungu akulipe kwa kumtunza mzee huyo. Alikuwa kama babu yako.

Tuktuk wa Kizingo:

Mzee, nakuheshimu, na nashukuru kwa pole. Lakini hapo ndipo hasa panaponiuma, na ndiyo sababu ya uzi huu.

Sikumtunza. Alikuwa na watoto waliomtunza, na wamemtunza vizuri. Nauli yangu alilipa kwenda na kurudi mpaka siku ya mwisho, hata nilipokataa. "Urafiki hautii petroli," alisema. Ile saa moja ya kukaa ndiyo ilikuwa haina bei, nayo ilikuwa yangu na yake.

Na babu ninaye, yuko Wundanyi. Nampenda, namwogopa. Sijawahi kumwambia babu kwamba mke wangu aliondoka, kwamba kuna mwezi nilishindwa na hesabu ya mwenye tuktuk nikalala ndani ya tuktuk yenyewe siku tisa. Ami nilimwambia. Hakunihubiria. Aliniuliza, "Siku tisa, mbu je?" Halafu na yeye akaniomba ushauri kuhusu ndugu yake, wakiwa hawasemezani kwa ajili ya nyumba ya urithi. Mtu wa miaka sabini na tano anamwomba ushauri kijana asiyekuwa hata na kitanda! Nikamwambia ampigie simu. Hakupiga. Mwaka mzima nikawa namkumbusha, mpaka akapiga. Babu na mjukuu hawafanyiani hivyo.

Mzee wa Changamwe:

Nimekuelewa. Neno nimelirudisha. Endelea kijana.

Tuktuk wa Kizingo:

Sasa kazi yake, maana bila hiyo hamtaelewa kwa nini meli.

Aliingia bandarini 1960 akiwa na miaka 19. Wakati huo mzigo ulipanda na kushuka kwa migongo ya watu: magunia ya kahawa ya kilo 60, chai, magadi. Makuli walifanya kazi kwa magengi, wengine juu, wengine tumboni mwa meli, na winchi katikati ikiteremsha na kupandisha. Mwenye winchi alipo haoni chini. Kwa hiyo mtu mmoja husimama ukingoni mwa ule mlango wa sitaha, anatazama chini, na kwa mikono yake anamwambia mwenye winchi: teremsha, polepole, simama, pandisha. Hiyo ndiyo iliyokuja kuwa kazi ya Ami, miaka na miaka, mpaka makontena yalipokuja kwa wingi na magengi yakapungua.

"Mwenye winchi ana nguvu zote," aliniambia, "na hana mato. Mato yake ni mimi."

Sasa mnaelewa kwa nini "kubwa" halikumtosha.

Alinifundisha kila kitu bila kuona chochote. Kwanza, tazama ubavu. Chini ya meli nyingi hupakwa rangi tofauti, aghalabu nyekundu. Ikionekana nyingi, meli ni tupu au nyepesi. Isipoonekana, imeshiba. Kisha tafuta alama ya duara iliyopitiwa na mstari katikati: ule mstari ndio mwisho wa kushiba, maji yasiupite. Kisha namba zilizopakwa mbele na nyuma. Mbele na nyuma zikitofautiana, meli imeinama, uliza kwa nini. Kisha bendera. Ya manjano tupu: nimetoka ng'ambo, watu wangu wazima, naomba ruhusa ya kuingia. Nusu nyeupe nusu nyekundu, nyeupe ikiwa upande wa mlingoti: rubani yuko ndani. Meli ya kigeni inaongozwa na rubani wa hapa, anapandia ngazi ya kamba huko nje, na ngazi hiyo Ami aliitaja kwa heshima kuliko kitu chochote.

Miezi ya mwanzo nilichoka. Halafu siku moja nikajikuta niko kwenye foleni ya feri Likoni, abiria nyuma wananung'unika, nami nahesabu namba za ubavuni mwa meli ya magari. Zile zinazofanana na sanduku la viatu. Nikampigia simu palepale.

Mpishi wa Tudor:

Nasoma huku nimeunguza vitunguu 😢 Swali: hamkuwahi kukosana?

Tuktuk wa Kizingo:

Mara moja. Vibaya.

2018, mwezi siukumbuki, ila kusi lilikuwa likivuma. Nimeamka saa kumi usiku, nimechoka, kichwa kinauma. Tumefika, bahari nyeupe, hakuna hata ngalawa. Akauliza, "Kuna meli?" Nami, sijui kwa nini, labda kwa kumwonea huruma, nikasema iko. Nikaitunga. Nyekundu chini, makontena matatu kwenda juu, bendera ya rubani. Nikaipamba. Akasikiliza kimya mpaka mwisho.

"Yaingia ama yatoka?"

"Yaingia, Ami. Iko mbele yetu hapa."

"Mbona siisikii ngurumo?"

Meli ikipita pale, injini yake unaisikia kifuani kabla ya masikioni. Nilisahau. Nikanyamaza. Hakugonga tano. Alishuka, akatafuta njia kwa fimbo mpaka barabarani, akasimamisha tuktuk nyingine, akaondoka.

Wiki tatu. Sikupiga simu kwa aibu, yeye hakupiga kwa hasira. Mwishowe nikaenda Kibokoni, nikamkuta barazani na kikombe chake cha kahawa tungu. Nikaomba radhi. Akanisogezea nafasi nikae. Halafu akanisimulia jambo ambalo alinipa ruhusa ya kulisimulia, ila si akiwa hai.

Siku moja katika 1968, jua kali, Ami alikuwa ukingoni akiongoza winchi. Mtu kando yake akamwita jina, akageuka, na mkono wake ukateremka kabla ya wakati. Kidogo tu. Mwenye winchi akautii, kwa kuwa ndiyo kazi yake kuutii. Slingi ya magunia ikashuka, na mtu mmoja chini hakuwahi kutoka. Hakufa. Alipoteza mguu, akarudi kwao Mazeras. Ami alikuwa akimtembelea kila Krismasi, kwa sababu yule alikuwa Mkristo, na mchele na sukari na kitambaa cha mke wake, mpaka yule mtu alipofariki miaka ishirini na kitu baadaye. Hakuna aliyemlaumu. Ilihesabiwa kuwa ajali.

"Mwenye winchi akiongopewa," akasema, "kuna mtu chini."

Tangu siku ile, kama bahari ni tupu nilimwambia ni tupu. Naye hakusikitika kamwe. Alisema, "Basi nambie maji." Nikamwambia maji: yanajaa au yanapwa, bamvua (maji makubwa) au maji mafu (madogo), rangi gani pale kwenye mwamba.

Binti wa Kuze:

Kaka samahani nakukatiza. 2020, ule mwezi tuliofungiwa Mji wa Kale, ulikuwa ukimpigia simu huyo mzee jioni?

Tuktuk wa Kizingo:

Ndiyo. Kila siku. Nilikuwa nimekusudia kuandika hilo. Kwa nini?

Binti wa Kuze:

Subiri. Nieleze kwanza wewe, kisha nikwambie.

Tuktuk wa Kizingo:

Haya. Mei 2020, serikali ilipofunga Mji wa Kale kwa sababu ya korona, hakuna kuingia wala kutoka. Ikawa mpaka mwanzoni mwa Juni. Ami alikuwa ndani, mimi nje. Alikuwa na miaka 79, hofu yetu sote mnaikumbuka. Kafyu ilikuwa saa moja jioni, kwa hiyo saa kumi na moja nilisimama upande wa feri, penye nafasi, nampigia. Sauti ya upepo, barakoa mdomoni, watu wananitazama. Namwambia: Ami, inatoka ya makontena, nyepesi mbele, bendera ya rubani iko, boti moja ya kuvuta iko ubavuni. Naye anauliza maswali yake. Dakika kumi, kumi na tano. Salio likinimalizikia ananipigia yeye.

Ni hayo tu. Sasa sema.

Binti wa Kuze:

Subhanallah. Kaka, mtaa mzima ulikuwa ukikusikiliza.

Yule mzee aliiweka simu sauti ya juu pale barazani. Nyumba yetu iko upande wa pili wa uchochoro, dirisha kwa dirisha. Mwanzo tulidhani ni redio. Ramadhani ilikuwa ikimalizikia, kila mtu yuko ndani, hofu tupu, tunasubiri futari. Saa kumi na moja watoto wakakaa madirishani: "Meli! Meli inaanza!" Mdogo wangu alikuwa na miaka saba, alichora bendera zote kwenye daftari la hesabu. Manjano, na ile nyeupe na nyekundu. Kuna siku ulisema bahari tupu, watoto wa jirani wakalia kweli.

Sikujua ni nani. Tulimwita "mtu wa meli". Mama akitia kaimati kwenye sahani alikuwa anasema, nyamazeni tumsikilize mtu wa meli.

Tuktuk wa Kizingo:

Dada nimeshindwa kuandika. Nitarudi.

Mpishi wa Tudor:

Vitunguu nimevitupa. Nakaa tu hapa.

Mtu wa Mtongwe:

Nimefuata uzi kimya tangu mwanzo. Mimi mwenyewe nilikuwa na bibi mmoja muuza kachiri pale Mama Ngina, marehemu sasa. Walipofunga sehemu ile kwa ukarabati wa 2019 alihamia barabarani, na palipofunguliwa Oktoba, siku ya Mashujaa, akawa hana tena nguvu ya kurudi. Nilikuwa namnunulia kachiri za shilingi ishirini, tunazungumza saa nzima. Hata msiba wake nilipata habari umepita wiki mbili, maana nani angejua kunijulisha? Leo ndiyo mara ya kwanza namtaja kwa mtu.

Tuktuk wa Kizingo:

Pole ndugu. Kachiri zake nazikumbuka, kama ni yule wa karibu na mbuyu ulioinama. Pilipili yake haikuwa na mfano.

Nimerudi. Usiku nimeamka mara mbili kusoma alichoandika Binti wa Kuze. Ami hakuniambia hata siku moja. Ningejua, ningeeleza vizuri zaidi, kwa ajili ya watoto.

Nimalizie.

Januari aliugua kifua, akalazwa. Kwenye ile hospitali, wodi yake walikuwa wakiruhusu jamaa tu. Mlinzi akaniuliza lile lile: wewe ni nani wake? Nilikuwa na haraka, saa ya kutazama wagonjwa ilikuwa inaisha. Nikasema, mjukuu. Akanipisha.

Ami alikuwa amepungua sana. Kofia yake ilikuwa juu ya kabati. Nilimsalimu, "Masalkheri, Ami," akaijua sauti.

"Umewambiaje wakakuata ungie?"

"Nimesema mimi ni mjukuu wako."

Mkono wake ulikuwa juu ya shuka. Akautafuta mkono wangu, akaushika, na kwa kidole kimoja akagonga. Moja, mbili, tatu, nne, tano. Polepole sasa, hakuwa na nguvu ya haraka.

Nikasema, "Nimesema uongo. Mimi ni sahibu yako."

"Ehe," akasema. "Sasa nambie meli."

Nilikuwa nimepitia feri kabla ya kuja, ilikuwapo ya ngano, imeshiba hadi karibu na mstari. Nikamwambia. Akauliza kuhusu bendera, nikamwambia. Akauliza mbele na nyuma ziko sawa? Nikamwambia nyuma imezidi kidogo. Akatikisa kichwa kama mtu aliyeridhika na hesabu. Muuguzi akaja kusema muda umekwisha.

Alifariki siku tatu baadaye, alfajiri. Alasiri tulishamzika. Niliwahi kulibeba jeneza begani kwa hatua kama thelathini hivi, watu wanapokezana haraka, unashika unaachia. Hatua hizo ninazo.

Mzee wa Changamwe:

Mwenyezi Mungu amrehemu. Kijana, siku ya khitma nenda. Ukiulizwa, wewe sema lile neno. Waache washangae.

Tuktuk wa Kizingo:

Nitaenda, mzee.

Binti wa Kuze:

Kaka, mdogo wangu sasa ana miaka zaidi ya kumi. Nimemsomea uzi huu wote. Anauliza, leo kuna meli?

Tuktuk wa Kizingo:

Mwambie nimefika sasa hivi. Gari imetoka gereji mchana. Saa kumi na moja na dakika kumi, maji yanajaa, kaskazi linavuma kiasi, hakuna povu.

Iko moja, inaingia. Ya makontena, manne kwenda juu nyuma, mawili mbele. Ubavu wa buluu umefifia, una kutu chini ya tundu la nanga. Rangi nyekundu inaonekana kama urefu wa mtu mmoja, kwa hiyo haijashiba. Namba za mbele sizisomi bado, jua liko machoni. Bendera mbili juu: ya Kenya, na ile nusu nyeupe nusu nyekundu.

Rubani yuko ndani. Ngurumo naisikia.